Jinsi ya kuokoa paka na mtu usiyefanana naye hata kidogo (na mkipendana mfanyeje)

Kama wewe unaongea kama cherehani na yeye anajibu neno moja kwa siku, na kitu pekee mnachokubaliana ni kwamba hao watoto wa paka hawawezi kuachwa mtaroni na mvua hii, basi nakuandikia wewe. Mimi ni mtu wa Moshi, nauza vitenge Kariakoo, kuanzia saa mbili asubuhi naita wateja mpaka nafunga. Yeye ni wa Tanga, fundi saa, kibanda chake kiko barazani ng'ambo ya duka langu, na kwa miaka minne tulikuwa tunasalimiana tu, "kaka habari", "nzuri dada", basi, hata jina nlikuwa silijui. Paka ndo waliotujulisha. Leo ni mume wangu na tumeshaokoa wanyama wengi pamoja, kwa hiyo hapa naandika mambo mawili kwa mpigo, namna ya kumuokoa mnyama asife mikononi mwako, na namna ya kukaa na mwenzio bila kumlazimisha awe kama wewe.

Kabla hujabeba, subiri (au usisubiri)

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nafunga duka nasikia sauti nyembamba chini ya mfuniko wa mtaro. Mi nikapiga magoti palepale kwenye tope nikataka kuingiza mkono. Nikasikia nyuma yangu, "Dada, subiri kwanza. Mama yao anaweza kuwa karibu." Fundi saa huyo, ameshika tochi yake ndogo ile ya kuangalizia mashine za saa. Nikamkasirikia kweli, nikaona huyu mtu ana moyo wa jiwe gani, watoto wanalia yeye anasema subiri.

Sasa kumbe alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi, na hapo ndo pana somo la kwanza. Watoto wa paka ukiwakuta peke yao haina maana wametupwa. Mama anaenda kutafuta chakula, anaweza kukaa masaa kadhaa, na ukiwabeba haraka unawatenganisha na maziwa ambayo wewe huwezi kuyatengeneza hata uwe na pesa kiasi gani. Kwa hiyo kama wako sehemu kavu, wametulia, matumbo yamejaa, kaa mbali uangalie masaa mawili matatu, hata zaidi. Ila kama kuna hatari ya wazi, maji yanapanda, mbwa wanawazunguka, gari zinapita juu yao, au wamepoa kabisa na wamenyamaza, beba saa hiyohiyo. Siku ile maji yalikuwa yanapanda. Nikamwambia kaka angalia maji, akamulika, akaona, hakubishana hata kidogo, akavua shati akalala kifudifudi kwenye tope mkono mpaka begani, akawatoa mmoja mmoja. Watatu. Mimi nliwapokea kwenye kitenge cha dukani, kipya, sikujali.

Yaani mtu wa polepole anakuzuia usiharibu, na mtu wa haraka anakuzuia usichelewe. Kama mko wawili, mmoja wa kila aina, ni bahati, msiichezee kwa kugombana nani ana roho nzuri zaidi.

Paka mkubwa wa mtaani ni habari nyingine, usimshike kwa mikono mitupu, atakuchana na ana haki maana anakuogopa. Mpe chakula sehemu moja, saa ileile, siku tatu nne, dagaa wa kuchemsha bila chumvi wanatosha. Akishazoea, weka chakula ndani ya tenga la kuku, lile lenye mfuniko, akiingia funga taratibu na funika na kanga juu, giza linamtuliza. Kama huna tenga mtupie taulo nene umzungushie mwili mzima miguu ikiwa ndani, kisha kwenye boksi lenye matundu. Kazi hii muachie yule mvumilivu. Mimi sijawahi kumkamata paka hata mmoja, naongea sana wanakimbia, mume wangu anakaa kwenye kiti chake nusu saa kama hayupo na paka anaingia mwenyewe.

Joto kwanza, chakula baadae

Hili watu wengi wanakosea na watoto wa paka wanakufa kwa sababu hiyo. Mtoto aliyepoa usimpe chakula, tumbo lake halisagi, maziwa yanaharibika humohumo. Mpashe moto kwanza, polepole. Chupa ya maji ya moto, sio yanayochemka, izungushie kanga au taulo, weka upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea upande wa pili. Mpaka miguu yake na ndani ya mdomo vimepata joto ndo unafikiria maziwa.

Na maziwa sio ya ng'ombe. Najua ndo yaliyopo kila nyumba, lakini yanawaharisha, na mtoto mdogo akiharisha siku moja maji yanamuishia. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye maduka ya dawa za mifugo, ulizia. Ukikosa kabisa usiku, maziwa ya mbuzi yanavusha siku moja mbili tu wakati unatafuta. Nunua bomba la sindano dogo duka la dawa, toa sindano tupa mahali salama, tumia bomba. Mtoto mlaze kwa tumbo kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Tone kwa tone. Kila masaa mawili mpaka matatu akiwa hajafumbua macho, usiku na mchana. Macho yanafumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14, wetu walikuwa wameanza tu kufumbua, kama mstari wa bluu.

Afu baada ya kula chukua pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, mpanguse taratibu sehemu za haja mpaka akojoe. Wengi hawajui, lakini mtoto wa chini ya wiki tatu hawezi mwenyewe, mama yake huwa anamlamba. Fundi saa aliposikia hilo kwa daktari wa mifugo alinyamaza kidogo, kisha akasema "haya, nifundishe", akashika kale kapaka kwa vidole viwili kama anashika gurudumu la saa ya kike. Mimi nilimtazama tu vile vidole. Sina haja ya kuficha, moyo wangu ulianzia hapo.

Zamu, na daftari

Tulikuwa kila mtu na kwake, yeye Magomeni mimi Tandika, kwa hiyo tukagawana. Mchana boksi linakaa chini ya meza yake kibandani kwa sababu ana utulivu na kivuli, saa kumi na mbili jioni ananikabidhi, usiku ni wangu kwa sababu mimi ni mtu wa kuchelewa kulala hata hivyo. Tatizo lilikuwa alfajiri, nlikuwa napitiwa na usingizi kabisa. Yeye anaamka kila siku kwa sala ya alfajiri, akaniambia "nikishasali nakupigia mpaka uamke". Akawa anapiga. Hasemi kitu kirefu, "amka wanyonyeshe", anakata. Wiki mbili nzima sauti ya kwanza naisikia duniani ni ya huyo mtu. Wewe fikiria mwenyewe.

Mgawane kazi kwa jinsi mtu alivyo, msigawane nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu inaonekana haki lakini inamfanya kila mmoja afanye vibaya kitu ambacho mwenzie angefanya vizuri. Mimi naomba, nabembeleza, najua kuingia duka la nyama nikatoka na vipande vya bure vya paka wa mtaa mzima. Yeye anahesabu, anaandika. Alikuwa na daftari la kaunta buku, kila mtoto na ukurasa wake, saa aliyokula, amekunywa mililita ngapi, amepata choo cha namna gani, na uzito. Uzito wa nini na tunapima na nini, nikamuuliza. Akanipeleka kwa sonara jirani yake, wakawaweka kwenye mzani wa dhahabu, mmoja mmoja, kwenye kisahani cha shaba. Gramu 171, gramu 183, gramu 148. Nikaona anapoteza muda. Lakini sikiliza, mtoto wa paka mzima anapaswa kuongezeka kama gramu 10 kwa siku, asipoongezeka siku nzima ujue kuna tatizo hata kama anaonekana anacheza, akipungua ni mbio kwa daktari. Macho yako hayaoni gramu 10, mzani unaona. Mzani wa jikoni wa dijitali unatosha kabisa.

Yule wa 148 alishuka mpaka 141. Tulimpeleka, akapewa dawa na maji, usiku wa tatu akafia mikononi mwangu saa tisa. Nililia mpaka majirani wakagonga. Asubuhi nikaenda kibandani nimebeba boksi, nikamwambia. Akasema "innalillahi", akachukua kitambaa, akaenda kumzika chini ya mwarobaini nyuma ya msikiti kwa ruhusa ya mtunza eneo, akarudi akakaa akaanza kufungua saa ya mteja. Sikuelewa. Niliona hana uchungu, nikamsema maneno mabaya mbele za watu, kwamba kwako alikuwa namba tu kwenye daftari. Hakujibu. Jioni sonara ndo akaniambia, dada yangu, hiyo saa moja ameifungua na kuifunga mara tatu leo, na huyu mtu hakosei.

Nilienda kumuomba radhi. Na hili nakwambia kwa sababu ukiokoa wanyama watakufa wengine, hakuna namna, hasa wadogo, na hapo ndo watu wawili tofauti wanapoachana. Mmoja anaomboleza kwa sauti, mwingine kwa mikono. Usipime uchungu wa mwenzio kwa kipimo chako. Muulize. Sema "unaendeleaje?", kisha nyamaza, na kama wewe ni kama mimi kunyamaza ndo kazi yenyewe, nyamaza kwelikweli, hesabu mpaka hamsini, jibu litakuja.

Mambo ya kuumwa na kuchanwa

Hapa siongei mapenzi naongea uhai. Ukiumwa au kuchanwa na paka au mbwa usiyemjua, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima ukiangalia saa, sio kumwagia tu. Usipake tope, majivu wala dawa ya meno. Kisha hospitali siku hiyohiyo, waambie umeumwa na mnyama asiye na chanjo, watakwambia kuhusu sindano za kichaa cha mbwa na za pepopunda. Usisubiri uone dalili, kichaa cha mbwa dalili zikishatokea mtu haponi. Mnyama kama yupo asiuawe ovyo, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Na nyie mnaookoa mara kwa mara muulizeni daktari kuhusu kuchanja kabla.

Vingine kwa haraka. Usimpe paka parasetamoli hata kipande, inamuua. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, nyingi zina permethrin, sumu ya wadudu, nayo inamuua vilevile. Mwanamke mwenye mimba asishike kinyesi cha paka, mwenzie afanye. Na kupiga au kumtesa mnyama ni kosa, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ukimuona mtu anafanya hivo mwambie kwa adabu kwanza, kisha nenda serikali ya mtaa au kwa afisa mifugo wa kata.

Na fungeni kizazi, jamani. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, mimba inakaa kama wiki tisa, ukiokoa watatu bila kufunga kizazi mwakani unaokoa ishirini. Paka wa mtaani akishafungwa daktari anamkata kidogo ncha ya sikio akiwa amelala, ili ajulikane asikamatwe tena.

Pesa

Tuligombana zaidi kwa pesa kuliko kitu kingine chochote. Mimi nikiona mnyama anaumia natoa hela ya mtaji, kesho nitajua. Yeye hawezi kulala akiwa na deni la elfu tano. Tumeumizana sana hapo mpaka tukakubaliana hivi, kila mwezi kila mtu anaweka elfu 40 kwenye kopo la maziwa, ikiisha imeisha, hatuchukui mnyama mpya mpaka mwezi ugeuke, tunaweza tu kumtafutia mtu mwingine. Nililia mara ya kwanza tulipokataa. Lakini miaka inapita na hatujawahi kukosa hela ya dawa kwa wale walioko ndani, na kabla ya hapo tulikosa, mara mbili.

Mbwa

Paka kwa watu wa pwani sio shida, mtume alimpenda paka, Abu Huraira, sahaba wake, jina lake lenyewe ni la kapaka, na kila mtu anaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Mbwa ndo kasheshe. Mimi nimekulia na mbwa Moshi, wanalala mlangoni. Siku nimeleta mbwa jike aliyegongwa na bodaboda, mguu umening'inia, mume wangu alisimama uani hakusogea. Yeye ni Muislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yakimgusa anaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na hii sio kiburi wala ukatili, ni ibada yake.

Kosa langu la zamani lingekuwa kubishana naye ili ampende mbwa kama ninavyompenda mimi. Sikubishana. Tulikaa jioni tukaulizana tu, kipi kinawezekana? Mbwa akapata kibanda chake nyuma, nje ya uzio wa kufulia nguo. Vyombo vyake ni vyake, vina rangi nyekundu, naviosha mimi. Kumshika, kumfunga bandeji, kumuogesha ni mimi, na nikimaliza nabadili nguo kabla sijaingia ndani anaposalia. Yeye ananunua chakula, analipa daktari, na maji ya kunywa ya yule mbwa hayajawahi kupungua hata siku moja kwa sababu anamwaga kutoka kwenye jagi kwa mbali, asubuhi na jioni. Nilipomuuliza kwa nini anahangaika hivo na maji akanikumbusha yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. "Hakuambiwa ambusu," akasema, "aliambiwa amepata thawabu."

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga nilikuwa natetemeka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbwa huyo wa nani?" Nikamwonyesha kila kitu, kibanda, vyombo, mpaka ndoo yangu ya kuogea nje. Akatembea akaangalia, akasema asikanyage mkeka wangu tu. Hajawahi kukanyaga. Kabla wakwe hawajafika panga utaratibu wako vizuri na uwe tayari kuuonyesha, wazee wengi hawagombani na mnyama, wanagombana na ovyo.

Utajuaje kama ni mapenzi na sio uchovu

Mkilea watoto wa paka pamoja mtakuwa karibu hata kama hampendani, usiku wa pamoja unafanya hivo. Kwa hiyo jipimeni bila wanyama. Sisi sonara alibaki na boksi Jumapili moja, tukaenda Coco Beach, tukala mihogo na pilipili, na sheria ilikuwa hakuna kutaja paka. Dakika kumi za kwanza hatukuwa na la kusema, niliogopa sana. Kisha akaniuliza kwa nini nauza vitenge na sio kitu kingine, nikaanza kuongea kuhusu mama yangu, nilipomaliza jua lilikuwa limeshazama na alikuwa anakumbuka kila kitu nilichosema, mpaka rangi ya kitenge cha kwanza.

Na mkishajua, semeni mapema yale magumu. Mimi Mlutheri, yeye Muislamu, hakuna aliyetaka kubadili. Familia zote mbili zilikataa karibu miaka miwili, hatukutoroka, tulikwenda kusalimia kila sikukuu, Krismasi kwao tukapeleka zawadi, Idi akaja kwetu Moshi na sukari na vitenge kwa shangazi zangu wote. Ipo ndoa ya bomani kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kila mtu anabaki na dini yake, mnatoa notisi siku 21 kabla.

Kilichotufikisha bomani ni wale wawili waliobaki. Mmoja tulimpa mama mmoja muuza samaki Feri, na ukigawa mnyama fanya hivi, mpe mtu uliyeona nyumba yake, mpe baada ya chanjo na dawa ya minyoo, na mwambie wazi utakwenda kumtazama baada ya wiki mbili, anayekasirika kwa hilo usimpe. Wa pili, Masika, yule wa 171, alikuwa mkubwa sasa, hahitaji tena zamu. Ikabidi tuamue akae kwa nani. Tulikuwa kibandani, naye amelala juu ya daftari. Nikasema achukue yeye, ana kivuli. Akasema nichukue mimi, nina dagaa. Tukarudiana hivo mara mbili tatu. Kisha akaweka chini bisibisi yake ndogo akasema, "Asikae kwako wala kwangu. Tutafute pa kumuweka." Nikauliza wapi. Akasema, "Nyumba moja."

Nilihesabu mpaka hamsini kabla sijajibu.